Kisomeo, Tableti na Zamu ya Mama

Kwetu Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kitabu hakikusomwa kimoyomoyo. Huenda wako watu wenye nafasi ya kujifungia chumbani na kitabu chao, sisi hatukuwa nayo. Vitabu vilikuwa vichache, watu tulikuwa wengi, na kazi haikwisha. Kwa hiyo tulisoma kwa zamu. Jioni, jua likishapungua ukali, tulitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba, tukaketi mviringo, na katikati tukamwaga maharage ya kuchambua au mahindi ya kupukuchua. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine mikono inafanya kazi. Ukurasa wako ukiisha unampa aliye kulia kwako, kidole chako kikiwa bado kwenye mstari ulipoachia, naye anaweka chake kabla wewe hujatoa chako. Na anayesoma hagusi maharage. Hiyo ilikuwa sheria, na watoto wa majirani walijifunza kusoma kwa ajili ya sheria hiyo kuliko kwa ajili ya fimbo ya mwalimu.

Sheria ilikuwa ya mama. Alifundisha darasa la kwanza miaka nenda rudi kule Kivu ya Kusini, Kongo, kabla hatujakimbia, na hata alipofika Nakivale akashika jembe kama kila mtu, sauti yake ilibaki ya darasani. Akisoma yeye, hata mama mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, ambaye mdomo wake haujui sikukuu, alinyamaza. Kitabu chetu kimoja kilinukia moshi wa jikoni mpaka ukikifungua unasikia njaa. Kingine kilikuwa hakina jalada wala kurasa za mwanzo, na kila mara tulipokianza upya mama alitusimulia mwanzo aliojitungia mwenyewe, na kila mara ulikuwa mwingine. Ninazikumbuka jioni zile. Mtu akisoma ovyo redioni leo, bado namsikia mama: "Pumua ku nukta, mama. Nukta haikuwekwa pale bure."

Mimi nilihamia mjini Mbarara kushona. Nina cherehani yangu mtaa wa Kakoba, kwenye baraza ya duka, na nyumbani nilikuwa narudi nikipata upenyo. Safari moja nilirudi, tukala maharage, na nikang'ata jiwe. Jambo la kawaida. Nikang'ata la pili. Mama mdogo naye akatema la kwake mkononi, akaliangalia, akauliza ni nani aliyechambua maharage haya, au tumeanza kupika kokoto.

"Ni mimi," mama akasema.

Tukaendelea kula. Mama ndiye aliyekuwa akitutwanga vibao vya mgongo kwa jiwe moja tu.

Kesho yake jioni nilielewa zaidi. Kitabu kilizunguka, kikamfikia mama, naye akakipitisha hivi hivi kwa jirani yake. "Endeleeni. Leo koo inaniuma." Mama mdogo akaniangalia, kisha akainamia ungo. Baadaye jikoni akaniambia kwamba koo hiyo inauma tangu mavuno yaliyopita, na kwamba siku nyingine dada yake haji kabisa mkekani, anakaa jikoni kulinda sufuria ambayo haina haja ya kulindwa. Fikiria. Mwenye sheria ndiye aliyekuwa akichambua jioni nzima bila kupumzisha mikono, tena akichambua kwa kupapasa, kwa sababu mawe hakuyaona. Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani, ila nilifua nguo zote za nyumba ile siku hiyo, hata zilizokuwa safi.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho Mbarara. Akatuambia ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, akasema, dawa hii ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Mama hakulia wala hakuuliza habari za upasuaji. Aliuliza swali moja: "Nitasoma mpaka lini?" Daktari alikuwa mtu mwema, hakudanganya. Akasema hajui, lakini kwa sasa, akipata herufi kubwa na mwanga mzuri, anaweza.

Basi mimi nikashika hilo. Nilitaka jambo moja tu: kitabu kimfikie mama na asikipitishe. Mengine yote Mungu angeyajua mwenyewe.

Vitabu vya herufi kubwa nilivitafuta Mbarara nzima, sikuvipata. Nikaenda Kamukuzi, karibu na ofisi za serikali, ambako kuna watu wa fotokopi wanaoweza kukuza ukurasa, nikakuza hadithi nzima. Ikawa rundo la karatasi la kuogopesha. Jioni ya kwanza tu upepo ulitoka upande wa Ziwa Nakivale, na familia yote ikaonekana ikikimbiza kurasa kwenye mihogo ya jirani. Tulizipata, lakini zamu ya mama ilipofika, karatasi yake ilikuwa ya mwisho wa hadithi, na mhusika ambaye tulikuwa tunamlilia alikuwa anaoa. Mama mdogo alicheka mpaka akalala chini. Mama naye alicheka, kisha akarudi jikoni kwenye sufuria yake.

Mlango wa pili kutoka kwenye cherehani yangu kuna haji mmoja anayeuza simu. Kwake ndiko ninakochajia simu tangu nifike Kakoba, na mimi ndiye ninayempunguzia kanzu za wajukuu wake. Nikamweleza shida yangu. Hapo hapo akaweka tableti juu ya meza ya kioo.

"Nyabo, dada yangu, hii ndiyo mwisho. Iko na rangi, iko na video, maandishi unafanya kubwa kama nyumba. Mama atafurahi sana."

Lakini mimi jicho langu lilikuwa limeangukia kitu kingine ndani ya kioo, chembamba, cha kijivu, chenye picha ya ndege juu ya tawi. Nilikuwa nimewahi kukiona mikononi mwa mwalimu mmoja mgeni: kifaa cha kusomea vitabu tu, ambacho kioo chake hakitoi mwanga bali kinabaki kama karatasi. Baadaye tulikiita kisomeo.

"Hiyo imekufa," haji akasema. "Mimi nauza kama spea. Nazima, nawasha, bado ndege iko pale pale. Hata moto kwa betri ikiisha, ndege haitoki."

Nikakichomeka kwenye chaja, nikashikilia kitufe, nikasubiri. Ndege akafutika, kioo kikawa cheusi, kikawa cheupe, na maneno yakatokea taratibu kama yanayopanda kutoka chini ya maji. Nikamweleza kwamba picha ya namna hiyo haihitaji umeme ili ikae, ndiyo maana ndege hakuondoka. Haji akavua miwani, akakichunguza. "Kwa hiyo huyu ndege alikuwa amelala tu, na mimi nilikuwa nakaa matanga yake."

Nilikipenda papo hapo, sitaficha. Vitufe vilikuwa pembeni, huku na huku, na kugeuza ukurasa ilikuwa lazima ubonyeze, ukasikia mlio wake, taka. Kilinikumbusha karatasi. Lakini haji akawa mkweli kuliko nilivyotaka. Akaniwekea tableti gizani nyuma ya pazia, akageuza maandishi yawe meupe juu ya weusi, akayakuza. Yaling'aa. Kisomeo mle ndani kilikuwa kama moshi. Kwa macho mabovu, akasema, mwanga ni mwanga. Tukabishana kidogo, kisha akanisukumia vyote viwili.

"Peleka yote. Jumatatu rudisha moja. Macho ni ya mama, si yako."

Nikatafuta hadithi za Kiswahili za bure, nikaweka zile zile kwenye vyote, ili mama asichague kwa utamu wa hadithi. Nikapanda gari la Nakivale na mfuko wangu mapajani, naomba tu visivunjike.

Jioni hiyo mkekani tukaanza na tableti. Mama akaishika mbali, akaisogeza karibu, akainamisha kichwa upande huu na huu.

"Unaona nini, mama?"

"Naona kitambaa yangu ya kichwa. Na wewe nyuma, umefungua mudomo."

Nje, hata kivulini, kioo kilikuwa cha kujitazamia. Mama mdogo akasema aachiwe yeye ajaribu, yeye macho yake bado ni ya msichana. Akasoma vizuri, mistari kadhaa, kisha akaweka kidole kwenye neno la mwisho ili amkabidhi mwenzake, kama tulivyofanya maisha yetu yote. Ukurasa ukaruka. Akaweka kidole tena, ukaruka tena, tukajikuta katikati ya sura nyingine kabisa. Akalamba kidole chake ageuze kurasa zirudi nyuma, na tableti ikabaki na mate.

"Mama mdogo, ile si karatasi."

"Na mimi sikuiambia iende. Nimeigusa tu, inakimbia mbio kama iko na deni."

Tukaiingiza ndani ya nyumba, tukashusha pazia. Nikageuza maandishi kama haji alivyonionyesha, nikayakuza, nikampa mama. Akaikodolea macho. Nikadhani haoni. Kisha akaanza kusoma, na akasoma kama zamani, ukurasa mmoja, wa pili, anapumua kwenye nukta, anamtolea mzee sauti ya mzee na mtoto sauti ya mtoto. Mama mdogo alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia mbuzi wa jirani. Nilikuwa na furaha ya kunitoa pumzi.

Kisomeo tulikijaribu asubuhi yake. Ndani ya nyumba hakikufaa. Kivulini kilisomeka kwa taabu. Juani, jua lenyewe la wazi, herufi zilisimama nyeusi kabisa na mama alisoma, ingawa polepole kuliko jana. Mimi kichwani nilikuwa nimeshamaliza hesabu. Kisomeo nilikipenda, lakini mama alisoma vizuri kwenye tableti, na ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mkeka utahamia ndani, nikasema. Tutashusha pazia. Maharage tutachambua kwa tochi.

"Nachagua hii ndogo," mama akasema.

Nilidhani sikusikia. Nikamuuliza tena, akarudia. Nikamfuata jikoni, nikaanza. Mama, wewe mwenyewe jana umesoma! Tumekusikia! Ile ndogo inataka jua, na jua likizama utafanyaje? Mvua ikinyesha je? Nilisema mengi, na sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa mama yake. Yeye alikuwa anamenya viazi kwa kupapasa, aliniacha nimalize.

"Ile kubwa ikiwaka," akasema, "mutu mwenye kupita ku njia anaona maneno yangu. Batoto mu nyumba banaona. Herufi kubwa namna ile ni ya batoto ba mwaka ya kwanza. Mimi mwenyewe nilikuwa naziandika ku ukuta, nabafundisha a, e, i. Sasa bote baniangalie mimi ndiye nazisoma?" Akaendelea kumenya. "Hii ndogo, anayeshika ndiye anaona. Mwingine haone kitu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja za betri, za vumbi, za watoto watakaoiba tableti wakaangalie mpira. Si hoja hiyo. Nikachukua kisu kingine nikamsaidia viazi. Jumatatu nikamrudishia haji tableti yake ikiwa imefutwa mate, naye akatikisa kichwa, akasema wazee wana akili zao.

Niliporudi tena Rubondo, ilikuwa imebaki shida ya jua. Mama alisema hawezi kuomba watu wazima waungue kwa ajili yake, yeye atakaa pembeni kwenye mwanga, wengine wabaki kivulini, na kisomeo kitapita katikati. Alisema hivyo mbele ya mama mdogo. Jioni hiyo mama mdogo akaushika mkeka kwa ncha, akauburuta kutoka kwenye ukuta hadi katikati ya ua, mahali ambapo jua lilikuwa bado linachoma, maharage na yote.

"Haya maharage ni mabichi," akasema. "Yanataka jua. Mwenye kutaka kivuli akae na kuku."

Maharage yalikuwa makavu kama meno. Tukajifunika vitenge vichwani tukaketi, jasho linatuteremka mgongoni, na jua lilipohama tukahamisha mkeka tukalifuata. Majirani waliotupita waliuliza kama tumepatwa na wazimu, na mama mdogo akawajibu anavyojua yeye. Kisomeo kikazunguka. Kidole chetu kiliwekwa kwenye mstari na hakuna kilichoruka. Kwa kuwa ukurasa haukuwa tena ukurasa, mama alitoa sheria mpya: kila mtu asome mpaka habari ipumue, yaani ifike mahali pa kutua. Zamu ikamfikia. Akakipokea, akabonyeza bonyeza, "nakitengeneza tu," akasema, kisha akasoma. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, imeshika kisomeo, haina maharage. Tangu siku ya mawe sikuwa nimeiona imetulia.

Hizo ndizo jioni ninazozililia nikiwa kwenye cherehani yangu. Si kwamba zilikuwa nyingi. Msimu wa mvua ulizikatakata, na nyingi zake mimi sikuwapo. Lakini nilipokuwapo niligundua utaratibu wa mama. Akipokea kisomeo alikuza herufi. Akimaliza, kabla ya kukitoa, alizipunguza tena mpaka za watu wote, ndipo akakabidhi. Alidhani hatujui. Sisi tulikuwa tunasikia. Vitufe vile vilikuwa na mlio. Mwanzoni, mama akisoma, ulisikia taka moja, baada ya muda nyingine. Mwaka ukasogea, zikakaribiana. Sentensi moja ikawa na taka tatu, nne. Na kadiri zilivyokaribiana ndivyo mama mdogo alivyozidi kuwa na kazi za kelele kwenye zamu ya dada yake. Mara anakohoa. Mara anafukuza kuku ambao hawapo. Mara anapepeta ungo ambao ameshaupepeta. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, hata jikoni, hata mama akiwa amelala.

Kiangazi cha mwisho nilikuja nikaketi kulia kwa mama. Tulikuwa kwenye hadithi ya mwanamke anayerudi kwao baada ya miaka mingi na hajui nyumba ni ipi. Kisomeo kikamfikia mama, akakielekeza juani, akakileta karibu na uso mpaka pua ikakaribia kugusa. Akasoma. Neno, taka. Neno, taka. Hakuna aliyejigusa, hakuna aliyeharakisha, na yeye hakuruka hata nukta moja, kila nukta alipumua. Ilichukua muda mrefu sana. Mwanamke wa kwenye hadithi alipofika mlangoni, mama akasema, "Habari imepumua," akanikabidhi.

Safari hii alisahau kuzipunguza.

Kwenye kioo kulikuwa na neno moja, tena halikutosha. Lilikuwa limekatwa, nusu yake ilikuwa kwenye ukurasa unaofuata. Lilijaa kutoka ukingo hadi ukingo, jeusi, refu kama kidole changu. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa amesoma habari yote ile, kipande cha neno kwa kipande cha neno, akavishika kichwani na kuvishona, akatupa sisi sentensi nzima. Nikaweka kidole juu ya kitufe cha kupunguza, na nikakiondoa, kwa sababu mama alikuwa amegeuza sikio upande wangu, na mlio angeusikia.

"Umepata fasi, pale nimeachia?" akaniuliza.

Nikainua macho. Mama mdogo alikuwa ananiangalia kutoka ng'ambo ya mkeka, na sijui uso wangu ulimwambia nini. Akavuta ungo, akaujaza maharage viganja viwili, akaanza kuupepeta kwa nguvu zake zote, shwaa, shwaa, akilalamika kwamba msimu huu makapi yamezidi, kwamba waliotuuzia mbegu ni wezi, kwamba hakuna anayemsaidia. Maharage yalikuwa masafi. Chini ya kelele ile nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza, herufi zikashuka na kushuka mpaka zikawa za kwangu, na mwanamke, na mlango, na njia aliyoijia vyote vikarudi kwenye ukurasa mmoja.

Ungo ukanyamaza.

"Nimepata, mama," nikasema, na nikaendelea kusoma pale alipoachia.